Kabla Hujaweka Nozo Kubwa, Sikiza Hii Stori ya Mafuta Taa

Ukisimama kwenye kona za barabara ya Tambach kupanda Iten asubuhi mapema, utaona mambo mawili kwa pamoja. Wakimbiaji wanapanda mlima wakihema, na Land Cruiser za kitambo zimebeba maembe kutoka Kerio, zinapanda mlima huo huo zikitema moshi mweusi. Moja ya hizo Land Cruiser ni ya anko wangu. Ni pikapu, injini ya 1HZ, na umri wake unakaribia wangu.

Mwaka huu Anko alikuwa karibu kuiwekea injekta kubwa. Binamu yangu alikuwa amemwonyesha video za Waaustralia: mtu anatoa injekta za zamani, anaweka kubwa, na gari inaruka kama swara. Pesa zilizotakiwa zilikuwa karibu faida yote ya msimu wa maembe. Mimi nikaambiwa, "Wewe mtu wa simu, hebu chunguza hiyo kitu kwanza." Nikachunguza. Nilidhani nitarudi na bei tu, lakini nilirudi na historia, na ndani ya hiyo historia nikampata kogo wangu na stovu yake ya mafuta taa. Tulieni, tutafika huko.

Injekta, au nozo kama mafundi wetu wa Eldoret wanavyoiita, ni kale kachuma kanachopuliza dizeli ndani ya injini. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Inakandamiza hewa mpaka hewa inakuwa moto sana, halafu nozo inarusha dizeli ndani kama ukungu na ule ukungu unashika moto wenyewe. Ukungu ukiwa laini, gari inavuta. Nozo ikianza kudondosha matone kama mfereji mbovu, dizeli haiungui yote na kilichobaki kinatoka nyuma kikiwa masizi.

Huyo Rudolf Diesel mwenyewe, aliyepata hataza yake Ujerumani mwaka wa 1893 na injini ya kufanya kazi vizuri mwaka wa 1897, hakuwa na nozo kama hii. Yeye alisukuma mafuta ndani kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, na mtambo wa kubana hiyo hewa ulikuwa mkubwa na mzito. Kwa meli au kiwanda, sawa. Kwa gari, sahau. Alipotea baharini mwaka wa 1913, akiwa safarini kwa meli kwenda Uingereza, kabla ya dizeli kuingia kwenye magari ya kawaida. Kilichobadilisha mambo ni pampu ya Robert Bosch, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka wa 1927. Pampu ndogo, ya chuma tupu, inapima dizeli kidogo kidogo na kuisukuma hadi kwenye nozo kwa presha kubwa. Miaka 9 baadaye Mercedes wakatoa 260 D, gari ndogo ya dizeli iliyouzwa kwa watu. Na mwaka wa 1957 Land Rover ikapata injini yake ya kwanza ya dizeli. Zile Landi za zamani mnazoziona huku zikisukumwa asubuhi ndio ziwake, sehemu kubwa ya ukoo wake inaanzia hapo.

Sasa sikiza hapa, kwa sababu hapa ndio binamu yangu alipotelea. Kwa mfumo wa Bosch wa zamani, anayepima dizeli ni pampu. Nozo haipimi chochote. Ni kama mlango wenye springi: presha ikifika kiwango fulani, inafunguka, inapuliza, inafunga. Hii 1HZ ya Toyota, iliyotoka mwaka wa 1990, lita 4.2, silinda 6, bila tabo, iko hivyo hivyo. Nozo zake zinafunguka kwenye presha ya takriban baa 150. Ukiweka nozo kubwa na pampu ibaki vile ilivyokuwa, pampu itaendelea kutuma dizeli ile ile. Umenunua mlango mpana wa nyumba ambayo wageni hawajaongezeka.

Zile video nyingi ni za mfumo mwingine kabisa. Mwaka wa 1997 Alfa Romeo 156 ilitoka na dizeli ya mtindo mpya: pampu inajaza bomba moja kwa presha ya baa zaidi ya 1,300, na kila injekta inafunguliwa na umeme, kwa amri ya kompyuta. Hapo kweli injekta ndiyo inapima. Toyota nao wakaingia huko na injini zao za D-4D, zile za Prado na Hilux. Kwa hizo, injekta kubwa na kompyuta iliyobadilishwa inaweza kuleta nguvu. Lakini pia nyingi ya injekta hizo huja na namba yake, na ukibadilisha moja lazima ile namba iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Ile nozo ya 1HZ, fundi wa jua kali hapa mjini anaifungua kwa spana, anaiweka kwenye pampu ya mkono yenye geji, anasukuma, anasikiza inalia "krrr," anatazama ukungu. Ikifunguka mapema, anaongeza kachuma kembamba ka duara chini ya springi. Nimekaa nikitazama hiyo kazi mchana mzima na sijawahi kuona kitu cha kuridhisha hivyo. Kwa hivyo mtu akikuambia Land Cruiser ya babako ni mkebe, mwulize kama yake inaweza kutengenezwa Kapsowar.

Haya, binamu hakukubali. Akasema basi tufungue skrubu ya pampu, iongeze dizeli, halafu nozo kubwa ziipitishe. Hapo ndipo Eldoret yenyewe inakataa.

Mji huu uko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na Iten iko karibu mita 2,400. Hewa ya Eldoret ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Sisi tunajua hii kitu kuliko mtu yeyote duniani, maanake ndio biashara yetu. Wazungu wanatoka kwao kuja Iten kuteseka na hii hewa ndio wakirudi chini wakimbie vizuri. Sasa injini isiyo na tabo nayo inavuta hewa hiyo hiyo kwa pumzi yake yenyewe. Kumwongezea dizeli ni kama kumwona mwanariadha anahema pale Kaptagat, halafu unamletea ugali sahani ya pili. Shida yake haikuwa njaa. Dizeli iliyozidi hewa inageuka moshi na joto, na joto likizidi linaweza kutoboa pistoni. Toyota wenyewe, kwa baadhi ya pampu za aina hii, waliweka kifaa cha kupunguza dizeli gari ikipanda juu. Wao walipunguza kwa makusudi, na sisi tunataka kulipa pesa ya maembe tuongeze.

Na ule moshi una wa kuuvuta. Mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barabarani kwetu wanaoumeza kwa pumzi kubwa zaidi ni wale watoto wa kambi za riadha.

Sasa swali nililobaki nalo ni hili: kama nozo kubwa si dawa, mbona ile pikapu ilikuwa inakohoa hivyo? Anko hakuwa anaota. Gari ilikuwa imepoteza nguvu kweli. Fundi alipofungua nozo sita, nne zilikuwa zinadondosha. Sindano iliyo ndani ya nozo inacheza kwenye nafasi ya mikroni chache tu, ndogo mara nyingi kuliko unywele wako, na kinachoilainisha ni dizeli yenyewe, hakuna oili nyingine. Fundi akazishika kwenye mwanga akasema, "Hii imekula mafuta taa, mzee." Anko akakumbuka kituo kimoja njiani alichokuwa akijaza miaka ya nyuma kwa sababu ni bei nafuu. Sitataja ni kipi, na sasa hata hakipo.

Eldoret watu wanaiita mji wa mabingwa, lakini ni mji wa mafuta pia. Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka wa 1978, na mwaka wa 1994 likafikishwa huku magharibi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Tangu hapo malori ya matangi yanapakia hapa yakielekea Malaba, Uganda na mbele zaidi. Hata ubora umepanda: Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kwenye karatasi, nozo zetu zilipaswa kuanza kuishi maisha mazuri.

Lakini mafuta taa yalikuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli, kwa sababu ndiyo mafuta ya maskini, ya stovu na koroboi. Ile tofauti ya bei ilikuwa mwaliko. Mtu anachanganya mafuta taa kwenye dizeli, anauza kwa bei ya dizeli. Watanzania wana neno lao tamu la hii tabia, kuchakachua. Gari inawaka tu, hujui kitu. Ila mafuta taa ni mepesi, hayalainishi kama dizeli, na ile sindano inaanza kusuguana chuma kwa chuma. Kwa 1HZ unaumia polepole. Kwa ile D-4D ya baa 1,300, unaweza kuumia haraka na bili yake ikutoe machozi.

Tanzania walipandisha ushuru wa mafuta taa mwaka wa 2011 ili kuua hiyo biashara. Kenya tukafuata Septemba 2018: shilingi 18 zikaongezwa kwa kila lita ya mafuta taa, na ule ushuru jina lake likawa ni wa kuzuia uchanganyaji. Bei ya mafuta taa ikakaribia ya dizeli. Faida ya kuchanganya ikaisha. Kama unaendesha gari ya dizeli nchi hii, nozo zako zimeishi zaidi kwa sababu ya hizo shilingi 18.

Nani alizilipa? Si mimi, si Anko, na si yule mwenye kituo. 2018 nilikuwa bado shule, nikiishi na kogo. Alikuwa anapika chai na stovu asubuhi kwa sababu kuni zinachelewesha, na mimi nilikuwa nasomea taa ya mafuta stima ikipotea, na huko kwetu stima hupotea kama hobi. Nakumbuka nikitumwa dukani na chupa ile ile, pesa ile ile, narudi na chupa haijajaa. Kogo aliamini mwenye duka anatuibia. Alinirudisha mara mbili nikamwambie. Yule mzee wa duka alikuwa anatuuzia kwa bei mpya tu, na sisi tukamtia aibu mbele ya wateja. Baadaye stovu iliingia stoo, kogo akarudi kwa kuni na moshi wake.

Mimi sisemi ule ushuru ulikuwa makosa. Dizeli chafu inaharibu basi za shule, trekta na jenereta za hospitali, si pikapu za maembe peke yake, na mwenye kuchanganya alikuwa mwizi. Ila kulikuwa na njia nyingine. Serikali ilikuwa na wakaguzi, na ilikuwa ikitia alama ya kemikali kwenye mafuta ili mchanganyiko ujulikane ukipimwa. Kumkamata mwenye tangi ni kazi ngumu na ina wakubwa ndani yake. Kumwongezea mwenye stovu shilingi 18 ni kazi ya kalamu. Tukachagua kalamu. Hii ndio sehemu ya historia ya injekta ambayo sijaiona kwenye video yoyote ya gari, na nimetazama nyingi mpaka macho yakauma.

Pikapu ya Anko tuliiwekea nozo mpya sita, saizi ile ile iliyotoka nayo kiwandani, presha ikapimwa moja moja, na fundi akarudisha ile skrubu ya pampu ambayo mtu fulani zamani alikuwa ameichezea. Chujio mpya ya dizeli pia. Gharama haikufika hata robo ya ile ya injekta kubwa. Jumamosi tulishuka Kerio tukapanda na mzigo. Haikuruka kama swara. Ilipanda na gia ya pili pale ambapo ilikuwa inalilia ya kwanza, na niliangalia kwenye kioo nikaona wakimbiaji tuliowapita, wote, bila wingu katikati yetu.

Jioni tulipitia kwa kogo na maembe. Nikamweleza yote, kwamba 2018 yule mzee wa duka hakutuibia, bei ilipandishwa na serikali ili magari yasiharibike. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani mimi nilikuwa na gari gani?" Kisha akasema kesho nimpeleke dukani kwa yule mzee, na nibebe maembe.