Kinga ya maji, kinga ya cheo

Taja neno "kinga" Ifakara, wengi watafikiria chandarua. Bonde la Kilombero ni la mpunga na maji yaliyotuama. Msimu wa kilimo familia huhamia shambani, na chandarua hufungwa hata ndani ya dungu la kufukuzia ndege.

Mababu zao walikuwa na kinga nyingine. Tarehe 30 Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Wajerumani Mahenge, ng'ambo ya mto, wakiamini dawa ya maji itaziyeyusha risasi. Ndani ya boma Kapteni von Hassel alikuwa na bunduki mbili za rashasha. Watu walianguka mafungu kwa mafungu.

Baada ya hapo askari walichoma maghala na mashamba, na njaa ikawamaliza waliopona risasi. Kwa kusini nzima wapo wanahistoria wanaotaja vifo 250,000 hadi 300,000. Gavana wa koloni, Gustav Adolf von Götzen, aliondoka 1906. Mwaka 1909 alichapisha kitabu kuhusu vita hivyo, akafa 1910 akiwa mwakilishi wa Prussia mjini Hamburg. Hakuna hakimu aliyemuuliza lolote. Maji hayakukinga, cheo kilikinga.

Ilichukua karibu karne moja kwa kinga hiyo kutobolewa hapahapa Tanzania. Tarehe 4 Septemba 1998, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimfunga maisha Jean Kambanda, waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma wa mahakama ya jinai ya The Hague, ambao mbele yake cheo si kinga. Nyumbani, hata hivyo, Ibara ya 46 ya Katiba yetu bado inakataza Rais kushtakiwa kwa jinai akiwa madarakani.

Kisha marais wakaigeuka mahakama hiyo ya The Hague. Hati yake ya kumkamata Omar al-Bashir wa Sudan ilitoka 2009. Baadaye Uhuru Kenyatta akaingia Ikulu ya Kenya huku kesi yake ikimsubiri The Hague. Juni 2014, kesi hiyo ikiwa haijaisha, Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Malabo ya kuipa mahakama ya Afrika mamlaka ya jinai. Kifungu chake kimoja kinawakinga wakuu wa nchi walio madarakani. Kwa sadfa nacho kina namba 46, ila kimeongezewa herufi.

Hakikuishia kwa marais. Kinawataja pia maofisa wengine waandamizi wa serikali, kutokana na kazi zao. Von Götzen hakuwa mkuu wa nchi, lakini kinga hiyo ingemwenea sawasawa, mpaka siku aliyokabidhi ofisi.