Ramani kuukuu zinavyohamishiwa kwenye tarakilishi

KARATASI moja ya ramani ya Kenya ya kipimo cha 1:50,000 huonyesha eneo la mraba ambalo kila upande wake ni takriban kilomita 28. Humo mna mito, vilima, misitu, vijia na mistari ya kontua. Nyingi za karatasi hizo zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa angani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kazi iliyoongozwa na idara ya Uingereza iliyoundwa mwaka wa 1946 kupima makoloni.

Thamani yake inatokana na yale yaliyokwisha kutoweka. Anayetaka kujua chemichemi ilikuwa wapi kabla ya mtaa kujengwa juu yake, au msitu uliishia wapi kabla ya kukatwa, ni nadra apate shahidi bora. Lakini karatasi huchakaa, huliwa na mchwa na hutanuka kwa unyevu.

Hatua ya kwanza ni kuipitisha kwenye skana pana. Skana ndogo ya afisini hulazimisha ramani ipigwe vipande vipande, na kuviunganisha baadaye ni taabu tupu. Kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, kila nukta huwakilisha mita 4 hivi za ardhi. Chini ya hapo, majina madogo hayasomeki vyema. Faili ya kuhifadhiwa huwa ya TIFF, nayo nakala nyepesi ya JPEG hutumiwa kutazamia.

Hata hivyo, hiyo ni picha tu. Haijui iko wapi duniani. Programu isiyolipiwa kama QGIS humwezesha mtumiaji kubofya makutano ya mistari ya gridi na kuingiza vipimo vilivyochapishwa pembeni mwa ramani. Pembe nne hutosha kwa karatasi iliyonyooka, ila iliyojikunja huhitaji zaidi.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Ramani hizo za Kenya zilitumia mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutumia WGS84. Asiyeifahamisha programu tofauti hiyo atauona mto umehama kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kuuvusha hadi shamba la jirani.

Marekani ilianza mwaka wa 2009 kuzipiga skani ramani zake za tangu 1884, na yeyote anaweza kuzipakua bila malipo. Nayo Maktaba ya Taifa ya Scotland humruhusu mtazamaji kuitandaza ramani ya kale juu ya picha ya setilaiti, kisha kuififisha polepole hadi nchi ya leo ionekane chini yake.

Wenye kesi za mashamba wasizitegemee mno. Ramani za aina hii hazionyeshi mipaka ya vipande vya ardhi. Hiyo hutafutwa katika ramani za usajili wa ardhi, ambazo nazo, kwa mashamba mengi ya vijijini, huonyesha mipaka kwa makadirio tu.