Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla na kukataa kuwaka: anzia wapi kabla ya kwenda kwa fundi

Kuanzia Likoni hadi Vanga, kompyuta ya mezani bado ndiyo inayobeba kazi nyingi ambazo simu haiziwezi vizuri: fomu za HELB na KRA kwenye saiba za Ukunda, barua za kuomba kazi katika hoteli za Diani, alama za wanafunzi, daftari la chama, rekodi za samaki za vikundi vya usimamizi wa fuo. Ikizimika katikati ya kazi na kukataa kuwaka, mwenyewe huwaza mambo mawili: kwamba mashine imekufa, na kwamba kila kilichomo ndani kimepotea. Mara nyingi yote mawili si kweli. Kilichoharibika kwa kawaida ni njia ya umeme, nayo hubadilishwa. Kazi zako ziko kwenye diski, ambacho ni kifaa kingine kabisa.

Mengi ya yafuatayo utayafanya mwenyewe ukiwa na bisibisi ya nyota, brashi laini ya kupakia rangi na subira kidogo. Machache ni ya fundi peke yake, nayo yatatajwa wazi.

Ilizimika vipi?

Kabla ya kugusa kitu, kumbuka mashine ilivyozimika. Kama ni wakati stima ilipopotea au iliporudi, shaka la kwanza ni pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma ndani ya kasha ambacho waya wa ukutani huingia. Kama ilifanya kazi dakika ishirini ikazimika, ukangoja ikawaka, kisha ikazimika tena kwa muda mfupi zaidi, hilo ni joto. Kama ukibonyeza feni hujaribu kuzunguka mara moja tu kisha kimya, kuna mahali umeme unakatiza njia, au pawa saplai imechoka. Kama taa zinawaka na feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi, hiyo haijazimika. Tatizo huwa ni RAM au skrini yenyewe. Na kama ulisikia mlipuko mdogo au harufu ya kuungua, chomoa na usijaribu tena hata mara moja.

Ukutani kwanza

Wengi huruka hatua hii kwa kuona haya, na ndiyo inayowaumbua mbele ya fundi. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama inachaji. Angalia kama tokeni zimekwisha. Hutokea, hasa pale ambapo mita moja hulisha duka na nyumba. Kisha ondoa ekstensheni na uichomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. UPS nayo iondoe kwa muda, maana UPS ambayo betri yake imekufa inaweza kukata umeme ghafla na lawama ikaangukia kompyuta.

Waya wa kompyuta mara nyingi hufanana na ule wa skrini, kwa hiyo badilisha huu kwa ule. Ndani ya plagi ya miguu mitatu mna fyuzi. Ikiwa imekatika, weka fyuzi nyingine, wala si karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kompyuta ya kawaida ya ofisi haivuti hata ampea 3 kwenye umeme wetu, kwa hiyo fyuzi ikikatika mara ya pili inakuambia kuna hitilafu mbele yake. Nyuma ya kasha huwa kuna swichi ndogo yenye alama za I na O. Iwe upande wa I. Baadhi ya mashine za zamani zina swichi nyingine nyekundu ya 115 na 230. Hapa Kenya, ambako umeme ni volti 240, lazima isome 230. Mtoto akiisukuma kwenda 115, pawa saplai italipuka mara utakapowasha.

Baada ya hapo, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30, kisha rudisha waya na ujaribu. Pawa saplai ina kinga inayojifunga yenyewe inapohisi hitilafu, na wakati mwingine hubaki imejifunga hata hitilafu ikishapita. Kuumaliza umeme uliobaki ndani huifungua. Mashine nyingi zilizotangazwa kufa zimefufuka kwa hatua hii.

Stima inapopotea na kurudi

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na ikaingia tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Hayo makubwa hukumbukwa, lakini kinachoumiza vifaa ni yale madogo ya kila wiki. Umeme ukirudi, kila friji, pampu na kiyoyozi mtaani huanza kuvuta kwa pamoja, na volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Kompyuta iliyoachwa imechomekwa huyapokea yote hayo.

Kwa hiyo stima ikipotea, chomoa, na ikirudi ngoja kama dakika tano. Kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme kinafaa hata kwa kompyuta, ingawa hakitaizuia radi. Mvua za vuli zinapokuja na ngurumo, chomoa pia waya wa intaneti. Radi hupita humo na kuunguza bodi kuu wakati mwenyewe anajisifu kwamba alichomoa umeme. Wanaotumia sola na inveta za bei ya chini nao wajue kwamba baadhi ya pawa saplai hazipatani na umeme wa inveta hizo, zikazimika bila ubaya wowote wa kompyuta. Ukiweza, ijaribu mashine kwa umeme wa jirani.

Chumvi, makuti na mijusi

Vitabu vya ufundi vinavyoandikwa Ulaya huongea sana juu ya vumbi. Kwetu vumbi ni la Kinango na Samburu. Ukanda wa Tiwi, Diani, Msambweni na Shimoni una adui wake. Upepo wa kusi hubeba chembe za maji ya bahari, nazo zikikauka huacha chumvi juu ya kila kitu, na feni ya kompyuta huivuta ndani siku nzima. Mchana chumvi hiyo ni unga mkavu usiodhuru sana. Lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, jambo la kawaida usiku hapa pwani, chumvi hunywa maji kutoka hewani na kuwa majimaji. Majimaji ya chumvi hupitisha umeme na hula shaba. Hapo ndipo mashine iliyozimwa vizuri jioni hukataa kuwaka asubuhi, halafu saa sita, jua likishakausha, ikawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Mashine yako ikiwa na tabia hiyo, usinunue kipuri chochote kabla ya kuisafisha.

Fungua kasha ikiwa imechomolewa, na uguse chuma chake kwanza ili umeme tuli wa mwilini usiruke kwenye vipande vya ndani. Fagia kwa brashi kavu. Shika mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza. Penye ukungu mweupe au wa kijani, tumia brashi iliyochovywa isopropili, kisha uache pakauke kabisa. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa mara nyingi huwa na mafuta ambayo huacha utando, basi iache kwa vidonda. Maji usiyakaribie.

Chini ya paa la makuti tarajia unga wa makuti uliojazana kwenye feni. Tarajia pia sisimizi, ambao hupenda pawa saplai kwa joto lake, na mjusi kafiri aliyekauka baada ya kuunganisha kwa mwili wake sehemu mbili za bodi ambazo hazikupaswa kukutana. Mtoe na usafishe pale alipokuwa. Nyuma ya kasha, mapengo yasiyotumika yazibwe kwa wavu mdogo, si kwa gamu, maana hewa lazima ipite.

Joto

Kichakato, kile kipande kinachofanya hesabu zote, hujikatia umeme kinapokaribia digrii 100 ili kisiungue. Juu yake kuna pande la alumini lenye mapezi na feni. Feni ikikwama, au mapezi yakizibwa na vumbi, mashine itazimika kila mara, hasa miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, wakati chumba chenyewe kimeshapita digrii 30. Kati ya pande hilo na kichakato hupakwa pasta ya kupitisha joto. Baada ya miaka mingi hukauka ikawa kama chokaa, na mashine zetu nyingi ni zile zilizotumika kwanza kwenye ofisi za ng'ambo. Kubadilisha pasta ni kazi ndogo. Kasha nalo lisisukumwe hadi ukutani wala kufunikwa kitambaa likiwa linafanya kazi.

RAM, betri na kitufe

Toa vipande vya RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cheupe, pangusa, na urudishe hadi visikike vikibana. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Betri bapa ya CR2032 inayotunza saa hubadilishwa kwa bei ndogo. Kitufe cha kuwashia pia huharibika kwa kutu; fundi hukiruka kwa kugusanisha pini zake mbili kwenye bodi kwa ncha ya bisibisi, na mashine ikiwaka, ulichohitaji ni kitufe tu. Kama mashine hutoa milio au taa hupepesa, hesabu ngapi na uandike, kwa sababu kila kampuni ina orodha ya maana zake.

Pawa saplai: badilisha, usifungue

Hapa pana hatari ya roho. Volti 240 za ukutani zikigeuzwa ndani ya kisanduku hiki hufika 340 hivi, na kapasita zake kubwa huweza kubaki na umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa. Kijana anayejifunza ufundi kwa video asijifunzie hapa. Kisanduku kizima kinabadilishwa, hakifunguliwi mezani.

Kukipima kwa nje, hata hivyo, kunawezekana, na fundi afanye mbele yako. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 huunganisha waya wa kijani na mweusi, na feni ikizunguka, kina uhai. Uhai peke yake hautoshi: mita isome kati ya 11.4 na 12.6 kwenye waya wa manjano, na kati ya 4.75 na 5.25 kwenye mwekundu. Chini ya hapo ni kibovu hata kama feni inazunguka. Jambo jingine la kuangalia kabla ya kulipa ni kwamba baadhi ya kompyuta za ofisi za Dell na HP hutumia plagi zao maalumu badala ya ile ya pini 24. Nenda dukani na kile cha zamani mkononi.

Pawa saplai nzima ikithibitishwa na mashine bado ni kimya, inabaki bodi kuu. Tazama kapasita zake, vile vimkebe vidogo vilivyosimama. Vichwa vyake vinatakiwa kuwa bapa. Vikivimba au kuvuja, bodi ni mgonjwa. Fundi mwenye mkono mzuri hubadilisha kapasita hizo, lakini kwa mashine kuukuu, bei ya bodi mara nyingi hukaribia bei ya kompyuta nyingine iliyotumika, na hapo heri kununua mashine nyingine na kuhamisha diski.

Kabla ya kuifunga nyuma ya bodaboda

Mwandikie fundi kwenye karatasi ilivyozimika na hatua ulizojaribu. Muombe akurudishie kila kipuri alichotoa. Akikuambia siku ile ile, bila mita, kwamba bodi imeungua, tafuta fundi wa pili, hata kama ni kuvuka Likoni.

Lakini kwanza toa diski. Ni skurubu nne na waya mbili, na fundi haihitaji kujua kama mashine inapokea umeme au la. Kwa mwenye saiba aliyejaza humo nakala za vitambulisho vya wateja, hili si la hiari tu: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtwika wajibu wa kuzitunza. Ukiwa na kasha dogo la USB, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na unakili kazi zako. Kama diski ilifungwa kwa BitLocker utaombwa namba ndefu ya kuifungulia, ambayo mara nyingi huwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Na Windows ikikuuliza kama unataka kuifomati diski kabla ya kuitumia, jibu hapana.