Eldoret: Mikahawa ya hadhi inayomfaa mkazi wa Turbo

MJI wa Turbo, ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Eldoret kuelekea Webuye, unajulikana zaidi kwa mahindi, maziwa na nyama choma ya wasafiri kuliko kwa mikahawa ya kifahari. Anayetaka kuandaa karamu ya mahafali, posa au mkutano wa kibiashara hana budi kwenda Eldoret, uliotawazwa kuwa jiji la tano nchini Agosti 15, 2024, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Safari si ndefu. Eneobunge la Turbo lenyewe linafika hadi mtaa wa Huruma, pembezoni mwa jiji hilo. Swali ni mahali pa kuketi na thamani ya kinacholipiwa.

Ndani ya jiji

Kwa miongo kadhaa, Hoteli ya Sirikwa, iliyopewa jina la jamii ya kale ya Wasirikwa, ndiyo iliyokuwa kipimo cha hadhi Eldoret. Wanasiasa, wafanyabiashara na maharusi walipigania kumbi zake.

Ushindani umeongezeka tangu wakati huo. Boma Inn ilianzishwa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoingia katika biashara ya hoteli ili kujichumia mapato ya kuendeshea shughuli zake. Inawafaa wanaotafuta utulivu na mazungumzo yasiyoingiliwa na kelele.

Hoteli ya Eka, jirani na jumba la kibiashara la Rupa, inamfaa mwenye shughuli nyingine sokoni siku hiyo hiyo.

Wanariadha nao wamewekeza. Grandpri inahusishwa na Moses Tanui, mshindi wa mbio za Boston Marathon 1996 na 1998.

Nje ya jiji

Mwenye gari na muda anaweza kuelekea Kaptagat, ambako Naiberi, kituo cha mapumziko kando ya mto, kimewavutia wasafiri wa masafa marefu kwa majengo yake ya mawe na bustani.

Upande wa Iten, takriban kilomita 30 kutoka Eldoret, hoteli ya Kerio View imejengwa ukingoni mwa Bonde la Kerio. Mlo huko huenda sambamba na mandhari, na si ajabu kukuta meza ya jirani imekaliwa na wakimbiaji waliotoka mazoezini. Inafaa kufika kabla ya jua kutua, bonde likiwa bado linaonekana.

Chakula cha nyumbani

Kipimo cha mkahawa wa hadhi katika eneo hili hakipaswi kuwa vyakula vya kigeni pekee. Mteja aulize kama kuna mursik, maziwa yanayochemshwa, yakapoa, kisha yakagandishwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet, kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mkaa huo ndio unaoyapa michirizi ya kijivu na ladha ya moshi. Huliwa kwa kimnyet, yaani ugali, pamoja na nyama na mboga za kienyeji kama vile saga na managu.

Hicho ndicho kinywaji wanachopokelewa nacho mabingwa wa riadha uwanjani wa ndege. Mkahawa unaokiandaa vyema humwezesha mkulima wa Turbo kuona zao la zizi lake likiheshimiwa mezani, badala ya kuuzwa kwa bei ya chini na kusahaulika.

Gharama

Kabla ya kuagiza, ni busara kuuliza kama bei iliyoandikwa tayari imejumuisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia mbili. Iwapo haikujumuisha, mlo wa Sh2,000 utafika Sh2,360, na familia ya watu watano italipa Sh11,800 badala ya Sh10,000. Baadhi ya mikahawa huongeza pia ada ya huduma.

Kwa familia inayotegemea malipo ya maziwa, tofauti hiyo si ndogo. Wengi huona afadhali kwenda wakati wa chakula cha mchana, kuweka nafasi mapema hasa msimu wa sherehe za Desemba, na kukubaliana bei ya jumla kwa maandishi panapokuwa na wageni wengi.

Hadhi ya mkahawa haiko kwenye taa na vitambaa vya meza pekee. Iko pia katika usafi, ukarimu, na hesabu isiyomshtua mteja anapoletewa risiti.