Kompyuta ya Gemu Nyuma ya Mgunda Mkali

Umbali ndio ushuru wa kwanza kutozwa bidhaa iingiayo Mitundu, nao ulitozwa kabla ya kuwapo forodha yenye mizani na mihuri. Nyika iliyo baina ya Ugogo na Unyanyembe, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Manyoni na Itigi, wasafiri wa misafara waliiita Mgunda Mkali kwa uhaba wa maji yake na msongamano wa vichaka vyake; wapagazi waliojitwika vitambaa vya amerikani na shanga kutoka Bagamoyo waliipita kwa haraka na hofu, na wasafiri wa Kizungu Burton na Stanley waliivuka, wa kwanza mwaka 1857 na wa pili mwaka 1871. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, Itigi ilijaliwa stesheni, walakini Mitundu, iliyo kusini ya reli katika njia iendayo Rungwa, ilibaki kutegemea barabara ya udongo ambayo masika huifanya yatakavyo. Kwa hiyo kila chombo kilichofika huku, tangu cherehani hata redio, kilisailiwa mambo mawili: bei yake ni ngapi Dar es Salaam, na nani atakitengeneza kikifa.

Kijana wa leo, mwenye akiba aliyoipata katika alizeti au asali na hamu ya kompyuta ya kuchezea gemu, anaposhauriana na wenzake kama achukue mpya ya boksi iliyoundwa kiwandani kwa bei rahisi, au mtumba, au aungiwe na fundi kipande kwa kipande, haanzi shauri geni. Baba zake walilikabili shauri hilo hilo kwa baiskeli, maana Phoenix ya China iliuzwa ikiwa vipande ndani ya boksi, na uimara wake njiani ulitegemea mkono wa fundi aliyeiunga kuliko jina la kiwanda.

Tofauti ni kwamba mafundi wa baiskeli walikuwapo, ilhali mafundi wa kompyuta walicheleweshwa kwa amri. Taifa lilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini jaribio la kuzitia hesabu za Serikali katika mashine lilikwenda kombo, fedha za kigeni zikawa adimu, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, ila kwa idhini maalumu. Zanzibar, kwa kejeli ya tarehe, ilikuwa imekwisha anzisha televisheni ya rangi mwaka mmoja nyuma. Siwacheki walioandika amri ile, kwa kuwa hazina tupu ni mshauri mkali. Lakini dhahiri ni kwamba IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, na watu wa nchi nyingine wakaanza kuifungua, kuichokonoa na kuiiga, kijana wa Bara hakuwa na cha kufungua. Vituo vya kwanza vya televisheni Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994.

Gemu, basi, haikuingia kwetu kwa mlango wa kompyuta. Iliingia kwa mlango wa banda: televisheni moja, PlayStation 2, ambayo Sony iliitoa mwaka 2000, pedi mbili zilizochakaa vitufe, benchi la mbao, na mwenye banda akitoza kwa mechi. Kompyuta zilifuata zilipofunguliwa njia. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, kompyuta zikiwa hazitozwi ushuru wa forodha. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Kebo ya SEACOM ilitia nanga Dar es Salaam mwaka 2009. Mwaka huo huo Uganda ilitangaza kuzizuia kompyuta za mtumba kwa kuhofia taka. Kwetu makontena yaliendelea kushuka, na maduka ya Kariakoo yakajaa Dell OptiPlex, HP Compaq na ThinkCentre zilizostaafishwa na maofisi ya Ulaya, aghalabu kwa kupitia Dubai.

Hapa ndipo mnunuzi hupotea. Mashine ya ofisi ina prosesa hodari na bei ya huruma, lakini aliyeiunda hakuwa na gemu moyoni. Chukua OptiPlex 9020 ya mwaka 2013: pawasaplai yake ni dhaifu, na plagi iingiayo katika mazabodi ina pini 8 badala ya 24 za kawaida, hata pawasaplai kubwa ya dukani haiingii pasipo adapta. Kwa kanuni, nafasi ya kadi ya grafiki hutoa wati 75 zisizozidi. Ndiyo sababu GeForce GTX 750 Ti, iliyotoka mwaka 2014 ikitumia wati 60 tu, ikapendwa mno na wenye mashine hizi, kwani haikudai waya wa ziada. Na aliyenunua lile kasha jembamba, kwa kuwa lilimfaa kulibeba ndani ya basi, hugundua nyumbani kwamba kadi ya kimo cha kawaida haiingii.

Ya kuunga na fundi ina uhuru ambao kanuni ya ATX, iliyotolewa na Intel mwaka 1995, iliuwezesha: kasha la huyu, mazabodi ya yule, navyo vikasikilizana. Lakini vipande vyake vyote viko Dar es Salaam, na viwili vikigombana Mitundu, kadhi hayupo. Mpya rahisi ya boksi huuficha urahisi wake mahali pasipotazamwa, katika pawasaplai hafifu na RAM ya kijiti kimoja ambapo viwili vingeipa wepesi. Umeme wetu wa kupanda na kushuka huanza na hiyo pawasaplai, na waranti inakaa katika mji ule ule ilikonunuliwa.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kwa hiyo maofisi ya ng'ambo yanazitoa mashine zingali na nguvu, na taraja langu ni kwamba bei za mashine hizo zitazidi kushuka. Hata hivyo mimi ningechukua mtumba wa kizazi cha nane, usiokataliwa na Windows 11, wenye kasha la mnara, kadi ya wati chache, na stabilaiza kwa fedha itakayosalia. Na muuzaji angeiwasha pale pale dukani, gemu ikichezwa saa nzima hata kasha lipate moto, kabla sijahesabu noti, kwa kuwa nauli ya kuirudisha kutoka Mitundu haimo katika waranti ya mtu.