Nyumba, Kibanda, Kiwanja

Maisaka ni kata mojawapo ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Mji huo umekaa baina ya ziwa lenye viboko na Mlima Kwaraa, katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha. Kwa mkaazi wa visiwani, huko ni bara ya ndani kabisa. Hakuna upepo wa kusi wala kaskazi unaojulikana kwa majina hayo, na zao linalotajwa na kila mkulima ni mahindi yaliyochanganywa na mbaazi. Lakini kisa cha maneno kinachosimuliwa hapa kilianza pwani, kikapanda bara pamoja na reli, barua na mihuri, hata kikafika Maisaka.

Babati ilikuwa wilaya mwaka 1985, ilipomegwa kutoka Hanang. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ukazaliwa kutoka Arusha, na Babati ikawa makao yake makuu, kisha ikapata halmashauri yake ya mji. Tangu hapo ardhi iliyoizunguka ikaanza kubadilika jina pasi na kusogea hata shubiri moja. Palipoitwa shamba pakaitwa kiwanja, na aliyeitwa mkulima akaitwa mmiliki, au mwendelezaji, au, ikiwa hakuwahi kupimiwa, mkaazi wa makazi holela.

Neno kiwanja lina ukoo mwema katika Kiswahili. Limetokana na uwanja, mahali peupe palipofyekwa, na pwani lilinukia ngoma: kiwanja ndipo watu walipokutana kucheza na kushindana kwa mashairi. Katika sheria za mipango miji kiwanja ni kitu kingine. Ni kipande cha ardhi chenye namba, kilichomo ndani ya kitalu, chenye vigingi pembeni na neno moja au mawili yaliyoandikwa kuonyesha matumizi yake: makazi, biashara, makazi na biashara. Kila neno hapo lina fasili yake katika kanuni, na fasili hiyo ndiyo inayoamua nani abaki na nani ahame. Wapenzi wa ushairi wamezoea kuamini kuwa uzito wa neno hupimwa kwa mizani na vina. Wapo watu wengine waliolipima neno kwa minajili tofauti kabisa, na vipimo vyao vingali vimesimama ardhini.

Mwaka 1891 Wajerumani waliihamishia serikali yao Dar es Salaam, na mwaka huohuo wakautungia mji huo kanuni za ujenzi. Ukawekwa utaratibu wa majengo: ufukweni yasimame ya namna ya Kizungu tu, nyuma yake majengo imara, na mbali zaidi vibanda vya wenyeji. Kwa sadfa ya ajabu, mwaka huohuo wa 1891 mji wa Frankfurt, chini ya meya wake Franz Adickes, ulipitisha kanuni iliyougawa mji katika kanda, ambayo wanahistoria wa mipango miji huihesabu kuwa mama wa kanuni nyingi za namna hiyo duniani. Frankfurt waliuliza nyumba iwe na ghorofa ngapi na iache nafasi kiasi gani. Dar es Salaam waliuliza nyumba ni ya namna gani, na swali hilo lilikuwa kivuli cha swali jingine.

Kivuli hicho kilionekana vizuri zaidi baada ya vita vya kwanza vya dunia. Waingereza waliipokea Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na masharti ya dhamana hiyo hayakuwaruhusu kutunga waziwazi sheria za kubaguana kwa rangi. Wakakimbilia kwenye fasili. Mwaka 1924 Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu: ya kwanza ya nyumba za kuishi za namna ya Kizungu, ya pili ya makazi na biashara, ya tatu ya nyumba za namna ya kienyeji. Kwa maandishi, hakuna aliyekatazwa kuishi popote. Mwafrika angeweza kukaa kanda ya kwanza, mradi tu ajenge nyumba yenye vipimo, vifaa na gharama zilizotakiwa huko. Sheria haikutaja ngozi ya mtu hata mara moja. Ilitaja paa, ukuta na choo, na kazi ikatimia vilevile. Kati ya kanda ya pili na ya tatu ukaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja.

Wananchi hawakudanganyika. Wao walizipa kanda hizo majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Majina hayo matatu ni tafsiri bora kuliko yoyote iliyowahi kufanywa na mfasiri wa serikali, kwa sababu yalifasiri kilichokusudiwa, si kilichoandikwa.

Katika kanuni hizo neno lililoumia zaidi ni nyumba. Tangu Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba na vibanda mwaka 1898, rupia tatu kwa kibanda cha shamba, afisa alilazimika kuamua kilichosimama mbele yake ni kipi kati ya viwili hivyo. Tembe la Wairaqw na la Wagorowa, lenye paa bapa la udongo, ambalo hukaa imara miaka mingi na kuhifadhi watu na mifugo kwa pamoja, lilitupwa upande wa vibanda. Kiswahili hakina dhambi hapo. Kibanda kwetu ni banda dogo, la mlinzi wa mpunga au la muuza samaki. Aliyejenga nyumba ya udongo na miti akazaa humo wanawe hakupata kuiita kibanda. Ni mtoza kodi aliyemwitia. Kanuni za ujenzi wa mijini za mwaka 1930 zikaendeleza mgawanyo huo wa majengo, na kanuni hizo ziliendelea kutumika miongo mingi baada ya uhuru.

Visiwani nako mambo hayakuwa mbali. Unguja mjini palikuwa na mawe upande mmoja na udongo upande wa pili wa mkondo wa maji, na upande huo wa pili ukaitwa Ng’ambo. Mpango wa mji uliochorwa na H. V. Lanchester, uliochapishwa mwaka 1923, uliuchukua mpasuko huo kama jambo la maumbile. Mkondo ulifukiwa baadaye, barabara ikapita juu yake, na Ng’ambo ikabaki Ng’ambo ijapokuwa hapana tena maji ya kuvuka. Huko, wengi walikuwa na nyumba iliyo mali yao juu ya ardhi iliyo mali ya mtu mwingine, na kodi ya ardhi hiyo ndiyo iliyozusha mgomo wa mwaka 1928. Nyumba na ardhi ni kitu kimoja au vitu viwili? Mswahili wa Ng’ambo alikuwa na jibu lake, na hakulipata katika kitabu cha sheria.

Ubishi juu ya fasili si wa makoloni peke yake. Marekani, mwaka 1974, kijiji cha Belle Terre kiliruhusiwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo kuifasili familia kuwa watu wa damu au ndoa, au wasiozidi wawili wasio na uhusiano, na hivyo wanafunzi sita waliopanga nyumba pamoja wakawa si familia. Miaka mitatu baadaye shauri jingine lilifika mahakama hiyohiyo. Bibi mmoja wa East Cleveland, Inez Moore, alikuwa akiishi na mwanawe na wajukuu wawili, lakini wajukuu hao hawakuwa ndugu wa tumbo moja: walikuwa watoto wa ndugu wawili, na mmoja wao amefiwa na mama. Kanuni ya mji iliihesabu familia kwa namna ambayo mjukuu huyo wa pili hakuingia. Bibi alihukumiwa siku tano gerezani na faini ya dola 25 kwa kosa la kumlea mjukuu wake. Mwaka 1977 mahakama ilimwokoa, kwa kura tano dhidi ya nne. Msomaji wa mwambao, ambaye kwake nyumba ni ukoo kabla ya kuwa ukuta, atashangaa kuwa wanne hawakushawishika.

Turudi Tanganyika. Miaka ya 1940 ilipokwisha, hata fasili za namna ya Kizungu na namna ya kienyeji zilianza kuleta haya. Mpango mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1949 ulitumia lugha mpya, lugha ya hesabu: maeneo ya watu wachache, ya wastani, na ya watu wengi. Ramani ilibadilika majina; mitaa ilibaki ileile. Uzunguni ukawa eneo la ujazo mdogo, Uhindini wa kati, Uswahilini mkubwa. Uhuru ulipokuja, maneno hayo yalionekana safi, hayana damu wala rangi, yakarithiwa bila kuulizwa yametoka wapi.

Leo hayo ndiyo maneno yanayotumika katika miji ya Tanzania, Babati ikiwamo. Hapa pana mzaha wa lugha usiokusudiwa. Mtu asiyezoea hati za ardhi akiambiwa anauziwa kiwanja cha ujazo mkubwa hudhani anapata kikubwa, kumbe ndicho kidogo kuliko vyote. Kwa viwango vya mwaka 1997, kiwanja cha ujazo mkubwa kilikuwa cha mita za mraba 400 hadi 800, na cha ujazo mdogo kilianzia 1,601 kikafika 4,000, yaani karibu eka nzima. Ujazo unaosemwa ni wa watu. Mfasiri aliyefasiri hivyo hakukosea kamusi, alimsahau mnunuzi.

Neno jingine lililoleta ugomvi ni ardhi ya jumla. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliigawa ardhi yote ya Tanzania Bara katika mafungu matatu: ya hifadhi, ya vijiji, na ya jumla. Sheria Namba 4 ilipoifasili ardhi ya jumla iliongeza kuwa ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria Namba 5, iliyotungwa mwaka huohuo, na Bunge hilohilo, haikuwa na nyongeza hiyo. Maneno machache tu. Lakini ndani yake mna malisho, mna shamba lililopumzishwa msimu mmoja au miwili ili lirudishe rutuba, mna bonde alilowekewa mjukuu ambaye hajaoa. Mkulima wa Manyara hutumia ardhi kwa kuiacha. Katika fasili ya kwanza, kuiacha ni kutoitumia. Na kijiji kinapoingizwa mjini kikawa mtaa, halmashauri ya kijiji hutoweka pamoja na uwezo wake wa kugawa ardhi, na swali la nani alikuwa akiitumia huulizwa na ofisi nyingine, kwa maneno mengine.

Kilimo cha mjini nacho kimepewa fasili. Kanuni za mwaka 1992 zilikitambua na kukiwekea mpaka: mtu asilime mjini zaidi ya eka tatu. Mzanzibari ataitabasamia hesabu hiyo, maana eka tatu visiwani ni jina la mgao wa mashamba baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingi ya eka tatu hizo zilizo karibu na mji zimekwisha kugeuka viwanja vya nyumba.

Lakini neno gumu kuliko yote ni lile ambalo Kiingereza cha sheria kililirithi kutoka Uingereza ya mwaka 1947, likaingia katika Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya Tanganyika ya mwaka 1956, kisha katika Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kiswahili cha ofisini huliita uendelezaji. Katika sheria maana yake ni kujenga au kuchimba, na pia kubadili matumizi ya ardhi au ya jengo. Kwa hiyo mama anayetoboa ukuta wa chumba cha mbele akaweka fremu ya duka la sukari na sabuni amefanya uendelezaji unaohitaji kibali, ijapokuwa hakuongeza tofali hata moja. Katika Kiswahili cha kila siku, kuendeleza ni kukipeleka mbele kile kilichopo. Maana hizo mbili zinafanana sura, na watu wengi wameangukia katikati yake.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria za nchi. Fasili zote hizi, za jengo, nyumba, kiwanja, familia na matumizi, zinatakiwa kusemwa upya katika lugha ambayo anayehukumiwa nayo anaifahamu. Si kazi ya kubadilisha neno kwa neno. Atakayeandika nyumba katika kanuni sharti aamue kama tembe limo. Atakayeandika ardhi isiyotumiwa sharti aamue kama shamba lililopumzishwa limo.

Na atakayeandika uendelezaji sharti aamue juu ya mbaazi. Hizo hupandwa pamoja na mahindi, lakini mahindi yakishavunwa zenyewe hubaki, hurefuka, huchanua na kuvunwa miezi kadhaa baadaye. Kiwanja cha makazi chenye mbaazi zilizozaa hadi matawi yakainama, kisicho na msingi wa nyumba, kwenye jalada huandikwa kuwa hakijaendelezwa, na mwenye kiwanja ambacho hakijaendelezwa katika muda wa sharti anaweza kunyang’anywa haki yake.