Mkondo wa Kupanda katika Nyaya za Televisheni

Nyaya za televisheni hazikutengenezwa ili zipokee chochote kutoka nyumbani kwa mtazamaji. Huduma hiyo ilipoanza Marekani mwaka 1948, katika miji kama Astoria, Oregon, na Mahanoy City, Pennsylvania, ambako milima ilizuia mawimbi ya vituo vya mbali, antena iliyosimikwa mahali pa juu ilinasa matangazo, waya wa koaksia, yaani waya wenye kiini cha shaba kilichozungushiwa kihami na ngao ya metali, ukayafikisha majumbani, na vipaza mawimbi vilivyofungwa njiani vikayatia nguvu kuelekea upande mmoja tu. Chaneli ya 2, iliyobaki kuwa ya chini kuliko zote baada ya Chaneli ya 1 kufutwa mwaka huohuo, ilianzia megahezi 54, hivyo masafa ya chini ya hapo hayakuwa na kazi ya kubeba picha.

Ni katika masalio hayo ndimo mkondo wa kupanda, yaani njia ya kurudisha ishara kutoka kwa mteja hadi kituo kikuu, ulimotengewa nafasi. Mwaka 1972 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliagiza mifumo mipya katika masoko 100 makubwa iwe na uwezo wa kupitisha ishara pande zote mbili, na Desemba 1977 kampuni ya Warner ilizindua mjini Columbus, Ohio, huduma ya QUBE, ambayo watazamaji wake waliweza kujibu maswali ya studio kwa kubonyeza vitufe. Umaarufu wa QUBE umeandikwa sana, lakini funzo lake kubwa lilikuwa la mafundi. Mkondo wa kushuka hutoka mahali pamoja na kutawanyika, ilhali wa kupanda hukusanya kila kinachoingia katika kila tawi, kiasi kwamba kiunganishi kimoja kilicholegea huweza kuingiza matangazo ya redio ya masafa mafupi, au mazungumzo ya madereva wa malori wenye redio za CB karibu na megahezi 27, na kuwaharibia mawasiliano majirani wote. Mafundi wa QUBE walilazimika kuweka swichi zilizofungulia tawi moja baada ya jingine, ili kelele za mtaa mzima zisifike kituoni kwa pamoja.

Tatizo hilohilo lilirithiwa na intaneti. Kanuni za DOCSIS, zilizotolewa mwaka 1997 ili modemu za watengenezaji mbalimbali zielewane na mtambo wa kituo kikuu, ziliuweka mkondo wa kupanda wa Marekani kati ya megahezi 5 na 42, na kumwachia fundi achague masafa ya katikati ya chaneli, upana wake, kuanzia kilohezi 200 hadi megahezi 3.2, na modulesheni, yaani namna ya kupakia biti katika wimbi. Chaneli pana kuliko zote ilibeba takriban megabiti 5 kwa sekunde kwa QPSK, yenye biti 2 katika kila ishara, na takriban 10 kwa QAM 16, yenye biti 4, ila hiyo ya pili ilidai njia safi zaidi. Tena, kuongeza upana maradufu bila kuongeza nguvu ya jumla hupunguza nguvu katika kila hezi kwa desibeli 3, hivyo fundi aliyekimbilia mwendo mkubwa aliweza kujikuta na modemu zinazokatikakatika. Waliobobea waliliepuka eneo la chini ya megahezi 15, penye kelele za injini na vyombo vya umeme, wakaanza na upana wa wastani, na hapo walionyesha busara kuliko vipeperushi vya matangazo vilivyosifu mwendo wa kupakua peke yake.

DOCSIS 2.0 ya mwaka 2001 iliongeza upana hadi megahezi 6.4, DOCSIS 3.0 ya mwaka 2006 ikaruhusu chaneli kadhaa zifungwe pamoja, na DOCSIS 3.1 ya mwaka 2013 ikafungua mkondo huo hadi megahezi 204. Hata hivyo, kipaza mawimbi chenye kichujio cha zamani hakijui kanuni mpya: mtandao ambao haujabadilishiwa vifaa hivyo nguzo kwa nguzo bado huishia megahezi 42, hata modemu iwe mpya kiasi gani.